Shajara ya mradi: kijitabu cha wanyama walao nyama kwa darasa la tatu na la nne, Iringa

Januari, mwishoni

Tumekubaliana sura ya kazi. Kijitabu cha kurasa 24, mabango machache ya ukutani, na ukurasa mmoja wa mwalimu nyuma kabisa. Walengwa ni watoto wa darasa la tatu na la nne katika tarafa za Idodi na Pawaga, yaani vijiji vinavyopakana na upande wa Ruaha. Hifadhi ile ilipanuliwa mwaka 2008, Usangu ikaingizwa ndani, ikafika kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Kwa watoto hawa simba si picha ya kwenye noti. Ni mnyama aliyekula ndama wa babu.

Tumo watatu: mimi niliyewahi kufundisha sayansi, kijana mchoraji wa pale Miyomboni, na mwalimu mmoja wa Idodi anayetupa darasa la kujaribia. Fedha ni za kuchangishana, kwa hiyo rangi zitakuwa mbili tu.

Uamuzi wa kwanza nimeuweka mimi na nitaushikilia: hatuanzi na simba. Vitabu nilivyovipitia vinaanza na simba, chui anafuata, kisha duma, na fisi anawekwa mwisho kama aliyechelewa karamu. Mtoto anafunga kitabu akiamini mla nyama ni mnyama mkubwa, mkali, wa porini. Hamwoni paka wao wa jikoni, wala kenge anayeiba mayai, wala mwewe, wala buibui wa pembeni mwa dirisha. Ukurasa wa kwanza ni wa paka.

Februari

Ukurasa wa paka umekuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu watoto wenyewe ndio walioleta swali. Kwa nini mbwa anakula ugali wa dona hadi anashiba, lakini paka anaunusa na kuondoka mpaka uumwagie mchuzi wa dagaa?

Jibu lipo mwilini. Paka hana uwezo wa kuonja utamu wa sukari. Sehemu ya ulimi inayopokea ladha hiyo kwetu sisi, kwake haifanyi kazi. Pia mwili wake hautengenezi vya kutosha kitu kiitwacho taurini, na kitu hicho kimo kwenye nyama na samaki. Paka akikikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika, na moyo pia. Mbwa ni wa ukoo huohuo wa wala nyama, ila yeye anaweza kuishi kwa chakula cha mchanganyiko. Simba, chui na duma wako upande wa paka: nyama kwao si anasa wala ukatili, ni lazima. Hapa ndipo kijitabu kizima kinaposimama. Tunamweleza mla nyama kwa meno yake, utumbo wake na macho yake. Tabia njema na tabia mbaya tunawaachia sungura na fisi wa hadithi za jioni.

Baada ya paka, meno. Nilitaka watoto washike kitu mkononi, wasiangalie mchoro tu. Mtu mmoja akapendekeza tukaazime jino la simba kwa mzee fulani. Hapana. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, jino, ngozi au kucha ya mnyamapori ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa mwalimu kwa herufi nene, maana najua walimu wenzangu wanavyopenda zana za kufundishia.

Tumenunua kichwa cha mbuzi buchani, tukakichemsha hadi fuvu likabaki jeupe. Fuvu la mbwa tumelipata kwa daktari wa mifugo. Ukiyaweka mezani pamoja, somo linajifundisha. Mbuzi hana meno ya mbele taya la juu, ana ufizi mgumu tu. Ana manane chini, halafu pengo refu, halafu magego mapana ya kusagia. Jumla 32, sawa na mtu mzima. Mbwa ana 42. Ana chonge nne ndefu za kukamata, na nyuma yake kuna jozi ya meno makubwa yenye makali, la juu likipita ubavuni mwa la chini kama mkasi. Hayo ndiyo meno yanayomtambulisha mla nyama hasa, kuliko chonge. Nyani dume ana chonge za kutisha na bado anakula matunda na mizizi.

Paka ana meno 30, simba naye 30. Nilipowaambia watoto kwamba simba ana meno machache kuliko wao watakavyokuwa nayo wakiwa wakubwa, darasa lilikataa katakata. Simba hahitaji magego mengi kwa kuwa hatafuni. Anakata pande na kumeza.

Machi

Mvua. Barabara ya Pawaga haipitiki kwa bodaboda yetu. Mchoraji amefanya kazi ya macho: mbuzi yake yapo pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, paka yake yapo mbele, anapima umbali wa kurukia. Zoezi: fumba jicho moja, jaribu kugusanisha ncha za kalamu mbili. Lipo ukurasa wa 7.

Mwalimu wa Idodi ametuma onyo zuri. Watoto wanaamini macho yanayong'aa kwenye mwanga wa tochi usiku ni ya simba au fisi. Macho ya ng'ombe na mbuzi yanang'aa pia, kwa kuwa nao wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Binadamu hana. Tumeongeza sentensi: macho yanayong'aa yanakuambia kuna mnyama, hayakuambii ni nani.

Aprili

Siku ya kamba.

Utumbo wa paka una urefu wa takriban mara nne ya mwili wake. Wa mbuzi au kondoo unapita mara 20. Kuyaandika hayo kwenye karatasi ya manila hakuleti maana yoyote kwa mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo tulitoka uwanjani na kamba ya katani. Paka mwenye mwili wa nusu mita: mita mbili, watoto wawili wanaishika. Mbuzi mwenye mwili wa mita moja: kamba ikaanzia mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, ikavuka mlingoti wa bendera, na bado ikawa haijaisha. Mvulana mmoja ambaye baba yake anauza utumbo mnadani akasema yeye alijua siku zote, kwa sababu kuusafisha ni kazi ya asubuhi nzima. Nimempa kazi ya msaidizi.

Sababu tumeiweka kwa maneno machache. Majani ni magumu kusagika. Mbuzi na ng'ombe hawana nguvu ya kuyavunja wao wenyewe. Wanategemea vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya tumbo lenye vyumba vinne, pamoja na kucheua. Kazi hiyo inataka nafasi na muda. Nyama inavunjika upesi, na safari yake inaweza kuwa fupi. Ndiyo maana simba akishashiba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, wakati ng'ombe wa mzee yuko kazini tangu asubuhi, taya halitulii.

Swali lililonishinda kulikwepa: muhanga na kakakuona ni wala nyama? Wanakula mchwa na sisimizi, na mchwa ni mnyama. Na nyegere je, mwenye sifa ya asali, lakini anakula pia nyoka, panya na mabuu? Wataalamu wanamweka nyegere kwenye ukoo wa wala nyama kwa mifupa na meno yake. Fungo pia yumo humo ingawa anapenda matunda. Kuna ukoo na kuna sahani, na havilingani kila mara. Mchoraji alitaka tuwaondoe wote hawa tusiwachanganye watoto. Nimekataa. Watoto ndio waliouliza.

Mei

Fisi amekula mwezi mzima, na amestahili.

Tulianza kwa kuwauliza watoto wanajua nini. Tulipata haya: ni mwoga, ni mlafi, ni mjinga, anakula mizoga tu, ni mume na mke kwa pamoja, na usiku wachawi humpanda. Hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini na mtoto aliyekaa nyuma.

Kwenye mizoga tuna ushahidi wa karibu nyumbani. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi wa Ngorongoro usiku, wakati ambao watalii wamelala. Aliona fisi madoa wakiwinda wenyewe nyumbu na pundamilia, na mara nyingi simba ndio waliokuja kuwanyang'anya. Asubuhi mtu anapita anamwona simba juu ya windo na fisi wamezunguka wakisubiri, anaandika kwamba fisi ni ombaomba. Usiku hakuuona. Watoto walilipenda hili kuliko yote, nadhani kwa sababu kila mmoja ana kaka mkubwa.

Jike la fisi madoa ni kubwa kuliko dume na ndilo linaloongoza ukoo. Mtoto anarithi cheo cha mama yake. Sehemu zake za siri zimeumbwa zifanane na za dume, na hapo ndipo ilipotoka imani kwamba fisi ana jinsia mbili. Mwalimu wa Idodi ameomba hilo libaki kwenye ukurasa wa mwalimu, alieleze mwenyewe akiulizwa. Sawa. Kile tunachokiita kicheko mara nyingi ni sauti ya fisi aliyebanwa au anayenyenyekea, hana furaha yoyote. Na mavi yake yakikauka yanakuwa meupe kwa sababu anasaga na kumeng'enya mifupa. Weupe ni chokaa ya mifupa hiyo. Watoto wanaochunga mbuzi wameyaona sana na hawakuwa wamepewa sababu.

Uchawi. Nilifikiri siku kadhaa. Kumwambia mtoto kwamba bibi yake ni mwongo si somo la sayansi, na hatatusikiliza tena. Tumeandika fisi anafanya nini usiku: anatembea mbali, anaita kwa mlio unaosikika kilomita kadhaa, anapita karibu na nyumba kwa sababu kuna taka, mizoga na mbuzi waliofungwa vibaya. Tumeishia hapo. Anayetaka kuongeza mpandaji ataongeza mwenyewe.

Juni

Shule zimefungwa na Iringa mjini ni baridi ya kukunja vidole, mchoraji anashika kalamu kwa glavu zilizokatwa ncha. Kazi ya mezani.

Ukurasa wa nyayo umekamilika na ninauona ndio wenye faida kubwa kijijini. Nyayo ya simba, chui na paka haionyeshi kucha, kwa sababu kucha zinarudi ndani ya ala. Mbwa, fisi na duma zinaonekana. Duma kucha zake hazijifichi zote, zinamsaidia kushika ardhi akikimbia. Mwendo wake unafika karibu kilomita 100 kwa saa, kwa muda mfupi sana. Mbwa mwitu ana vidole vinne mguu wa mbele, wakati mbwa wa nyumbani ana kile cha tano kidogo kilichoning'inia juu. Mtoto akikuta alama asubuhi nje ya zizi, asome, aite mkubwa. Asizifuate.

Mbwa mwitu amepata kurasa mbili. Ruaha ni moja ya sehemu chache ambazo bado wapo kwa idadi ya maana. Wanawinda kwa kundi, wanarudi pangoni na kuwatapikia nyama watoto, na vilevile waliobaki kulinda. Hapo nimeingiza chanjo. Mwaka 1994 karibu theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Kichaa cha mbwa nacho kinawaua mbwa mwitu. Mtoto anayempeleka mbwa wake siku ya chanjo ameshafanya uhifadhi, hata kama hajawahi kupita lango la hifadhi.

Kisha tukagombana kuhusu simba wa Njombe.

Kwa wasioijua habari: kati ya mwaka 1932 na 1947, kwenye nyanda za Njombe, simba waliwinda watu. Bwana nyama (ofisa wa wanyamapori) wa wakati huo, George Rushby, aliyetumwa kuwamaliza, alikadiria waliouawa kuwa 1,500. Ni makadirio yake, na wapo wanaoyatilia shaka, lakini wazee wa Ubena hawahitaji tarakimu. Maelezo yake ya chanzo ndiyo yanayonivutia: serikali ya kikoloni iliwaua wanyamapori wengi eneo lile ili kuzuia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, isishuke kusini, na simba wakabaki bila mawindo. Watu nao walisema simba wale wametumwa na mganga.

Mchoraji alitaka ukurasa mzima, na michoro ameshaichora kichwani, namjua. Mwalimu wa Idodi alisema wapo watoto wanaotembea kilomita kadhaa kwenda shule alfajiri na hatawapa ndoto za aina hiyo. Mimi niko na mwalimu. Habari imekwenda ukurasa wa nyuma, kwa watu wazima, pamoja na sababu yake: ukiwaondoa swala na nyati, simba hatageuka kula majani. Kwa watoto tumeweka ya kufanya tu. Tembeeni kwa kundi, msitoke gizani peke yenu, ukikutana naye usikimbie na usimpe mgongo, rudi nyuma polepole.

Julai

Pawaga, hatimaye. Joto lilelile, mpunga pande zote za mifereji. Tulipokelewa kwa "Kamwene!" na uji.

Somo lilikuwa kwa nini simba ni wachache. Tulimwaga punje 1,000 za mahindi juu ya mkeka: hiyo ni nguvu iliyo ndani ya nyasi. Swala akila, takriban sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayobaki mwilini mwake; nyingine inakwenda kwenye joto, kutembea, kupumua, kinyesi. Punje 100. Simba akimla swala, punje 10. Mtoto mmoja wa kike akauliza, na anayemla simba? Nikampa punje moja. Akaiangalia, akasema huyo atakufa njaa. Ndiyo maana hayupo.

Baada ya vipindi mzee mmoja mfugaji alinisubiri chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia: "Mwanangu, umewafundisha vizuri kwamba simba ana haki ya kula. Sasa na ng'ombe wangu ana haki gani?" Swali ni la haki na kijitabu hakikuwa na jibu lake. Nilimweleza ninachokijua: hasara nyingi za mazizini hutokea usiku, na zizi la miiba likilegea ng'ombe wenyewe wanalivunja kwa hofu na kutoka nje, ambako simba anawangoja. Vijiji kadhaa vya ukanda huu vimezungushia mazizi wavu wa chuma juu ya nguzo, na mashambulizi ya usiku ndani ya mazizi hayo yamepungua sana. Anavijua. Alisema wavu una bei, akanitajia bei yake. Nimeongeza mchoro wa zizi, ukurasa wa 19, wa miiba iliyoshonana na wa wavu vyote viwili, kwa sababu kumwonyesha mtu wavu peke yake ni kumtangazia asichokuwa na uwezo nacho.

Hapohapo alisema jambo lililonipa ukurasa wa tumbusi. Kuna watu wakiuliwa ng'ombe hutia sumu kwenye mzoga wamwue simba. Simba anaweza asirudi. Tumbusi wanafika kwa makumi, kwa macho yao na kwa kuangaliana wanavyoshuka, na wanakufa wote pale, pamoja na fisi, mbweha na mbwa wa kijijini. Tumbo la tumbusi lina tindikali kali inayoua vijidudu vingi vya maradhi vilivyo kwenye mzoga, lakini haliwezi kitu mbele ya sumu ya dukani. Watoto wa Pawaga walijua harufu ya mzoga uliokaa wiki nzima bila tumbusi. Wa mjini niliowajaribia hawakuijua, na kwao ukurasa huu ulipita kimya.

Agosti

Rasimu imerudi kutoka kwa walimu. Wameomba maneno mafupi zaidi, wamefuta "mfumo wa mmeng'enyo" mara mbili na kuandika "tumbo na utumbo". Nimekubali. Wameuliza kwa nini chatu hana ukurasa. Ameingia, nusu ukurasa, anavyomeza kitu kipana kuliko kichwa chake kwa kuwa pande mbili za taya lake la chini hazikuungana mbele kwa mfupa. Karani tamba, yule ndege mla nyoka, amekosa nafasi. Vunjajungu amebaki kwa sababu mtoto yeyote anaweza kumpata kwenye bustani ya mchicha na kumtazama akila nzi, bila kibali wala gari.

Mtu wa steshenari anasema karatasi nzito itapandisha bei karibu mara mbili. Jalada liwe zito, ndani ya kawaida.

Umebaki ukurasa wa mamba. Maelezo yako sawa: anaweza kukaa miezi bila kula, jino likianguka jingine linaota. Mchoro ndio haujakaa. Meno yaliyochorwa ni machache mno, wakati mamba wa mito yetu ana kati ya 64 na 68, na jino la nne la chini lazima lionekane hata mdomo ukiwa umefungwa. Mchoraji anarudia leo usiku. Akimaliza, faili linakwenda kuchapwa Jumatatu.